Jiwe la Chini

Jumapili, 9 Februari 2025

Mjukuu wangu Sundus amekuja na habari mpya: anakwenda likizo kupiga mbizi. Si kuogelea — kuzama! Mtungi wa hewa mgongoni, mpira mdomoni. Anakwenda na Cherop, binti wa jirani yangu Jepkosgei. Nikamwuliza wapi. "Kule kwenu, Nyanya," akasema, kama mtu anayekwenda sokoni kununua sukuma.

Kule kwetu. Shungi.

Alinionyesha kwenye simu. Kisiwa kimepewa jina jingine, la Kizungu. Mahema meupe yamepangwa pale zilipokuwa nyumba zetu, na kila hema lina kitanda chenye chandarua. Niliitambua nguzo ya kaburi la kale. Imeinama zaidi kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nilirudisha simu, nikaenda jikoni kutazama maharagwe ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Mjukuu wangu anauza bima. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe amejikatia. Akacheka: "Nyanya, sisi tunauzia watu tu."

Jumatano, 12 Februari

Wanafundishwa katika bwawa la hoteli moja huko Milimani. Jioni Sundus hunifundisha mimi, nami nimekaa kwenye kiti changu na mguu juu ya stuli. Nilifundisha darasa la sita miaka mingi; najua mtoto anayekariri na mtoto aliyeelewa. Huyu ameelewa.

Hewa chini ya maji hubanwa, asema. Ile unayoivuta huingia mpaka kwenye damu. Ukipanda upesi hutanuka, hutoa povu mwilini, kama soda iliyotikiswa. Kwa hiyo kupanda ni polepole, polepole sana. Na masikio hubana ukishuka: shika pua, puliza taratibu, mpaka yafunguke.

Tukashika pua zetu sote wawili, tukapuliza. Mwanangu Jalal, baba yake, akaingia akitoka dukani, akatukuta mashavu yamejaa. Akatikisa kichwa, akatoka tena.

Marehemu baba yangu alizama bila mtungi. Akitokwa damu puani alisema ni kusafisha kichwa.

Jumapili, 16 Februari

Jepkosgei alipitia. Ana kibanda cha vyakula soko la Olenguruone. Hupanda huko mlimani siku za gulio na kushuka huku mtaani kwetu Bondeni kulala. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwalimu, hawa watoto wetu wamelogwa? Mimi hata Ziwa Nakuru naliangalia nikiwa mbali, nashukuru Mungu, naenda zangu. Samaki anakuja Nakuru mwenyewe, tena amekaangwa. Sasa unamfuata kwao ukamwambie nini?"

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Kisha, alipoondoka, nyumba ikawa kimya na nikajua kwamba ninamwonea wivu Sundus. Nimeandika. Ndiyo, wivu. Jalal ameniambia mara ngapi, "Mama, nikupeleke?" Kila mara nina sababu: goti, mvua, mitihani ya watoto wa watu. Sababu yenyewe ni kwamba naogopa kushuka pale na mtu aniulize kwa adabu kama nimeshalipia.

Alhamisi, 20 Februari

Leo nimemweleza Sundus habari ya jiwe. Jalal anaijua nusu. Naiandika yote, maana kichwa changu si ghala.

Kisima cha Shungi kiligeuka chumvi, kisha wakaja maofisa na karatasi, tukaambiwa kisiwa kinafungwa na watu wahame. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ami yangu alifanya kazi reli, hapa Nakuru, akasema njooni. Siku ya kuondoka mashua ilijazwa kupita kiasi: vitanda, kuku, masufuria, watoto. Tulipotoka tu kwenye mkondo, pale sakafu ya bahari inapoporomoka, maji yakaanza kuingia. Nahodha akasema kitu kizito kitoke. Kitu kizito kilikuwa mawe ya mama ya kusagia. Mawili: la chini, pana, lenye kijishimo katikati, na la juu, lenye tundu la kutilia nafaka. Alikuwa ameyarithi kwa mama yake.

La juu mama alikuwa amelikalia. Hakuinuka. Wakachukua la chini, watu wawili, wakalitosa.

Hakulia. Alimgeukia baba, akasema, "Weka alama."

Baba akatazama huku na huku kama walivyofanya wavuvi wote, akaweka alama. Kisha akatukaririsha sisi watoto, mashua inayumba, tunatapika: nguzo ya kaburi iingie nyuma ya mwamba uliopasuka, kilima cha bara kikae juu ya mkoko wa peke yake. Hapo. Chini yako liko jiwe la mama yenu. Tutarudi kulichukua.

Jiwe la juu liko hapa Bondeni. Linashikilia mlango wa uani usijifunge kwa upepo. Sundus amelikanyaga tangu alipojifunza kutembea. Leo alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye tundu, akauliza, "Nikitazama, nitaliona?"

Nilijibu kwamba baada ya miaka yote hiyo pengine matumbawe yamelifunika, au mchanga. Lilikuwa jibu sahihi. Kisha nikasema, "Lakini usirudi bila kutazama."

Jumamosi, 22 Februari

Wameondoka asubuhi. Cherop amebeba mandazi kama mtu anayehamia. Jepkosgei aliwaombea kwa Kikipsigis, kwa sauti, katikati ya barabara. Mimi nikawasomea dua yangu kimya. Sundus ameahidi kurudi kabla ya vunja jungu. Mwezi ukiandama wiki ijayo tutaanza kufunga, na nyumba hii haijawahi kula karamu ya mwisho ya Shaabani bila yeye kugombea ukoko.

Bondeni pamepoa. Hata jogoo wa jirani amekosa cha kusema.

Jumatatu, 24 Februari

Amepiga simu! Alikuwa akizungumza huku akihema.

Asema chini hakuna kimya kama alivyodhani. Kuna mlio wa kutatarika, kama mafuta ya kukaangia, mchana kutwa. Nikamwambia ni kamba wadogo na wakazi wengine wa mwambani. Ukiweka sikio kwenye ubao wa mashua unasikia vilevile. Akauliza: "Kwa nini hukuniambia mapema?" Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimesahau mpaka aliposema. Na sasa sauti hiyo iko humu ndani tangu mchana.

Mwalimu wao ni kijana wa Shimoni, Musab. Aliposikia mimi ni mtoto wa Shungi alitaka simu. "Shikamoo Bibi. Bibi zetu bado wanasema, *mbishi kama mtu wa Shungi.*" Nikamwambia ni uongo na nitabisha mpaka kesho. Alicheka. Lahaja ile! Ana ile namna ya kuvuta neno mwishoni. Niliongea naye habari za upepo na bei ya samaki, vitu visivyonihusu, ili aendelee kusema.

Wametafuta alama. Mkoko haupo. Nguzo ipo, mwamba upo, kilima hakiendi popote. Musab asema zinatosha kukisia mahali penyewe. Ni kina kirefu kwa wanafunzi, lakini Sundus amefanya vizuri. Mkondo utatulia Jumatano asubuhi. Watapiga mbizi hapo kabla ya kuondoka.

"Jumatano ndiyo siku yenu ya treni," nikasema.

"Treni ni ya mchana, Nyanya. Muda upo."

Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi.

Jumanne, 25 Februari

Nimeloweka mchele wa mkate wa sinia. Nimemwagiza Jalal nazi nne. Ameleta mbili, moja imeoza. Cherop amemtumia mama yake katoni la krispi za muhogo kutoka Mombasa kwa basi, zikauzwe Olenguruone. Jepkosgei alilipandisha leo alfajiri akiimba.

Sina la kuandika. Kesho.

Jumatano, 26 Februari

Nitaandika kwa mpango.

Asubuhi picha ilifika. Sundus ameandika: *Nyanya tumezama mara mbili!! Angalia. Sasa tunaenda stesheni.*

Ni picha ya kijani na bluu. Katikati kuna kitu cha mviringo, kimeota manyoya ya baharini, samaki mdogo wa manjano amesimama mbele kama mwenye nyumba. Katikati ya mviringo pana kivuli. Linaweza kuwa jiwe. Linaweza kuwa tumbawe tu. Sundus ameweka kiganja kando yake ili nijue ukubwa wake. Nilivaa miwani, nikavua, nikavaa. Nikaenda mlangoni, nikaweka kiganja changu kando ya jiwe la juu. Ukubwa unakaribiana. Nilikaa chini pale pale uani.

Hapo ndipo Jepkosgei alipoingia na katoni, uso umekunjamana.

"Mwalimu, ona vile Cherop ameniharibia biashara! Jana nimefungua hii kitu kule juu, kila pakiti imevimba kama mto wa kulalia. Wateja wanabonyeza, wanasema, mama, imechacha, unataka kutuua? Mzee mmoja alibonyeza ikapasuka — paa! — mbuzi yake ikakata kamba. Nimemtafuta mbuzi wa mtu mpaka jioni!"

Alinitupia pakiti. Karatasi ya nailoni, imefungwa kwa moto wa mshumaa, imekaza kama ngoma. Nilifungua. Harufu nzuri, pilipili na ndimu. Hazikuwa zimeharibika hata kidogo.

Nikaanza kumweleza, kwa ile tabia yangu ya ubao na chaki. Kwamba zilifungwa Mombasa, usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito na imebanwa. Kwamba huku juu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo ile iliyofungiwa ndani, ikipanda huku, inata—

Sikulimaliza neno.

Jepkosgei akauliza, "Inafanya nini?"

Nilikuwa tayari natafuta simu. Sundus: hapatikani. Tena. Hapatikani. Cherop: inaita, haipokelewi. Jepkosgei akaniuliza nini, nini, Mwalimu, nami nikamwonyesha pakiti, nikasema, "Sundus ametoka chini ya bahari leo asubuhi. Usiku atakuwa huku." Alitazama ile pakiti. Alivua kitambaa cha kichwa akakikunja mikononi.

Hatimaye Cherop akashika. Wako stesheni, mabegi yamepangwa mstari yanuswe na mbwa wa polisi, simu ya Sundus iko ndani ya begi.

"Mpe Sundus."

"Nyanya? Kuna nini? Baba yuko sawa?"

"Usipande treni."

"Eh?"

"Umezama leo. Hupaswi kupanda juu leo."

"Hapana, hiyo ni ndege, Nyanya. Walituambia tusipande ndege mpaka siku ipite. Ndiyo maana tumechukua treni! Usipate presha."

"Treni inakwenda wapi?"

"Nairobi. Halafu nyumbani."

"Na nyumbani ni wapi?"

"Nyanya jamani. Nakuru."

"Nakuru iko juu ya bahari kwa mita elfu moja na mia nane na zaidi. Na barabara ya kutoka Nairobi inapita juu kuliko hapo. Treni yako ni ndege inayokwenda polepole, Sundus."

Nikasikia tangazo la stesheni nyuma yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la sita, "Lakini sisi tunakaa kwenye bonde."

Wote tunasema hivyo. Bonde la Ufa. Tunashuka Bondeni, tunapanda Olenguruone, tunateremka mjini. Nimeishi hapa karibu maisha yangu yote nikiamini kwamba niko chini.

"Nyanya," akasema, "kiwiko kinaniuma tangu tulipotoka majini. Nilidhani ni kubeba mitungi."

Jepkosgei aliyasikia, simu ilikuwa na sauti kubwa. Akaninyang'anya. "Cherop! Hakuna mtu anapanda kitu hapo! Mshike huyo mtoto!" Cherop akasikika kwa mbali: "Mama, mimi sikuzama leo, nilitapika tu kwenye boti." "Hata kama! Kaa chini!"

Wakamwita Musab. Sundus alinisimulia baadaye: kijana aliuliza, "Nakuru ni juu? Mimi nilijua kuna ziwa." Wageni wake wote huondoka kwa ndege, na hulala usiku mmoja kwanza. Hajawahi kupata mgeni anayetoka majini akarudi nyumbani mlimani siku hiyo hiyo. Nani angewahi? Sisi tu. Aligeuza gari, akawafuata na mtungi wa oksijeni.

Jalal nilimpigia dukani. Mwanzo alisema, "Mama, dunia nzima inashuka pwani na kurudi." Nikamwambia habari ya kiwiko. Akafunga duka, akaondoka na gari kwenda Mombasa kama alivyo, kalamu sikioni.

Mkate wa sinia umechachuka kupita kiasi. Nimeuacha.

Alhamisi, 27 Februari

Jalal amefika salama. Daktari amemwona Sundus. Maumivu yamepungua kwa oksijeni, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia, kidogo na cha pete, vimekufa ganzi. Daktari amesema kama angepanda treni, hapendi kufikiria. Alisema hivyo hasa, kwa mujibu wa Jalal: hapendi kufikiria. Mimi sikuwa na hiari hiyo; nimefikiria usiku kucha.

Wamemwingiza kwenye chumba cha chuma, kama tangi, kinafungwa. Hewa inabanwa humo ndani mpaka mwili uamini uko chini ya bahari tena. Kisha wanampandisha taratibu kuliko mara ya kwanza. Saa nyingi. Atarudishwa humo kesho. Hata akipona hatapanda huku kwa siku kadhaa, pengine wiki.

Nimeifungua tena picha. Nimeikuza. Kwanza niliitazama kama jana, kile kivuli cha katikati. Kisha nikaona kwamba sitazami jiwe. Natazama kile kiganja. Vidole vitano vimetandazwa vizuri, ili nione. Kidogo, na cha pete.

Sikuikuza tena.

Jioni Sundus mwenyewe alipiga. Sauti ndogo, imechoka. Alisema ndani ya tangi kuna joto, na wakianza kubana hewa sauti ya mtu inakuwa nyembamba kama ya katuni, walicheka yeye na muuguzi. Nikamwambia pole. Akasema, "Nyanya, nilitaka kukuletea habari." Nikasema umeleta. Akasema, "Vunja jungu nitaila wapi?"

Nimemwuliza Jepkosgei kama anajua treni ya kwenda chini inakatwaje tikiti. Akasema mwanawe Kipkirui anakata kwa simu. Kisha akasema, "Kata mbili. Cherop wangu pia yuko huko." Halafu: "Hiyo bahari unaiona ukiwa kwenye treni, ama mpaka ushuke?"

Ijumaa, 28 Februari — ndani ya treni

Tumeondoka Bondeni giza halijatoka. Kipkirui alipakia garini: sinia la mikate (nimepika mingine), sufuria la biriani limefungwa kwa leso mbili, nazi, begi langu. Akasimama mlangoni na taa ya simu. Jepkosgei akaelekeza kidole: "Na hili jiwe, Mwalimu? Hatulibebi?"

Nilikuwa nimelifikiria. Nilikuwa hata nimelipangusa.

"Mlango utashikwa na nini?" nikasema.

Stesheni ya Nairobi mbwa alisimama kwenye sufuria zaidi kuliko kwenye mabegi yote. Askari akauliza, "Mathe, hapa kuna nini?" Jepkosgei akamjibu kabla yangu: "Ni chakula ya mgonjwa. Huyo mbwa yako amlipie." Tukapita.

Sasa tunashuka. Voi tumeshapita. Joto linaingia hata kwa dirisha lililofungwa. Jepkosgei ameshika pakiti moja ya krispi mapajani; amesema lazima aone kwa macho yake. Ilipotoka nyumbani ilikuwa imekaza kama ngoma. Sasa imelegea, mikunjo imerudi. Kila mara anaibonyeza na kunitazama, kana kwamba ni mimi niliyefanya. "Inapona," amesema.

Ujumbe wa Sundus umeingia:

*Nimetoka kwenye tangi mara ya pili. Kidole cha pete kinahisi kidogo. Hiki kingine bado. Baba amelala kwenye kiti anakoroma. Musab anauliza: Jumapili boti ipo, bahari imetulia. Hatuzami!! Tunakaa juu ya maji tu. Alama utaziweka mwenyewe, mkoko haupo lakini amesema mtu wa Shungi hakosi. Nimwambie nini?*

Nimeusoma mara mbili. Sijajibu. Nguzo iingie nyuma ya mwamba uliopasuka. Kilima kikae juu ya — ya nini sasa?

Nje pameanza minazi. Mmoja, halafu kadhaa. Jepkosgei amenishika mkono, hajui kama amenishika. Masikio yangu yamebana tangu kitambo, sauti zote ziko mbali, kama niko chini ya blanketi. Nimeshika pua kama nilivyofundishwa. Nimepuliza taratibu. Mtoto wa kiti cha mbele amegeuka kunitazama.

La kushoto limefunguka. La kulia bado.